Baba na Tanuri la Memsabu Hilda

Juzi hapa mtaani Kahawa Sukari mjukuu wangu alipitisha gunia lililolowa maji juu ya matofali ya moto, nami nikaangua kilio mbele ya wageni. Msichana huyu, Nafula, yuko chuo kikuu. Yeye na wenzake wamejenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba ya mwanangu ili waoke zile chapati za Kizungu zenye nyanya na jibini, wawauzie wanafunzi wenzao. Mimi sikuwa na neno. Kijana akikosa kazi akajitungia yake, ni bora kuliko kulala mpaka saa sita ya mchana. Nilikuwa nimeketi zangu kwenye kiti cha plastiki nikimenya njegere, nikiwasikiliza wakibishana kama moto umetosha. Kisha wakakokota makaa nje, Nafula akachovya gunia kwenye ndoo, akalifunga kwenye ncha ya mti mrefu na kulisukuma ndani kupangusa majivu. Mvuke ukatoka mdomoni mwa tanuri ukanifikia pale nilipokaa.

Harufu ile ni ngumu kumweleza mtu asiyeijua. Ni katani iliyolowa, na majivu, na udongo uliokolea moto, na sikuwa nimeinusa tangu nilipokuwa msichana. "Kukhu, uko poa kweli?" Nafula akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, mikono imejaa masizi. Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni, kumbe nilikuwa nimemkumbuka baba yangu.

Tulikuwa tukiishi kwenye shamba la katani, ng'ambo ya Thika ukielekea Ngoliba, ambako ardhi ni kavu na mvua ni ya kubahatisha. Wenzangu mliokulia kwenye mashamba hayo hamhitaji kuambiwa habari ya uvundo wa majani ya katani yaliyokamuliwa, ule unaoshika nguo na nywele hata mtu akipita Thika mjini watu wanajua anakofanya kazi. Baba alitoka kwetu Bungoma kutafuta kibarua, akapewa kazi ya kulisha mashine majani, kisha akamleta Mama, mimi nikiwa mgongoni. Nyumba za wafanyakazi tuliziita laini. Kulikuwa na laini ya watu wa magharibi, laini ya Wakamba, na laini ya Wakikuyu ambayo ilikuwa imehamishiwa karibu na geti ili askari awaone vizuri. Hiyo ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa wakati wa Mau Mau. Sisi watoto hatukuelewa Emajensi ni mnyama gani. Tulijua tu kwamba tumezungushiwa waya wa miiba, kwamba filimbi ikilia jioni kila mtu huingia ndani, na kwamba mama zetu hawaruhusiwi tena kwenda porini kuokota kuni, ila kwa muda mfupi tu, wakiongozana na askari.

Ukosefu huo wa kuni ndio ulioleta mambo yote. Mama alipikia mabua na mashina makavu ya maua ya katani, ambayo huwaka kwa fujo kubwa na kuzimika kabla maji hayajachemka. Maharagwe yalikuwa yakifika sahanini yangali na kiburi chao. Usiku ungesikia matumbo ya watoto yakinguruma laini nzima, na mama wakilaumiana kwa sauti kupitia kuta za udongo, huyu akidai yule amemwibia kijiti. Watu waliokuwa wakisalimiana vizuri waliacha kusalimiana.

Memsabu Hilda alikuwa mke wa fundi wa injini pale kiwandani. Wote wawili walikuwa Wajerumani, na walikuwa wamekaa miaka mingi kwenye mashamba ya katani ya Tanga kabla ya kuletwa kwetu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chenye "tafadhali" na "mwanangu", na alitusahihisha tulipokosea bila haya yoyote. "Huyu mzungu ananifanya nione kama mimi ndio nimetoka Ulaya," Mama Njeri alikuwa akisema. Mama Njeri ndiye aliyekuwa rafiki wa Mama ingawa aliishi laini ya karibu na geti. Mumewe alikuwa amepakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine wa Kikuyu na hakuna aliyejua alikopelekwa. Alibaki na Njeri, mwenzangu wa kucheza, na kazi ya kuanika katani kwenye waya.

Siku moja Memsabu Hilda alikuja laini na fimbo yake, akapindua debe kuukuu, akaketi mlangoni petu kama mtu aliyealikwa. Alitazama mafiga yetu, akatazama ya jirani, na ya jirani wa jirani, kila moja lina kijimoto chake kinachokufa.

"Mama Nekesa," akamwita Mama kwa jina langu, "tafadhali niambie. Kwa nini kila nyumba ina moto wake na hakuna hata mmoja unaoivisha?"

"Memsabu, tutafanyaje? Kuni hakuna," Mama akajibu.

Ndipo akaanza kutueleza kijiji chao. Kilikuwa kijiji kidogo, nyumba chache zimezunguka bwawa la bata, na kanisa lenye mnara uliopinda kwa sababu fundi wake, walisema, alikuwa mlevi. Zamani sana moto ulikuwa umetoka kwenye jiko la mtu mmoja, ukaruka kutoka paa la nyasi hadi paa la nyasi, ukala nusu ya kijiji. Wazee wakakata shauri kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu ataoka mkate nyumbani kwake. Kila nyumba ikatoa mawe, wakajenga tanuri moja katikati. Siku ya kuoka, nyumba zilipiga kura. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha mti kilichochongwa alama tangu enzi za babu, vyote vikatiwa kofiani, mtoto akachomoa kimoja kimoja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, maana wa kwanza hulipasha tanuri likiwa baridi, na kuni zake nyingi huishia kwenye kuta. Wa pili hukuta joto. Wa tatu hata hahitaji kuni za maana. Wa mwisho huacha chungu chake humo mpaka asubuhi.

"Na mkigombana?" Mama Njeri akauliza.

"Tuligombana sana! Mama yangu hakusema na jirani yake miaka na miaka, kwa sababu ya bata mmoja tu. Lakini akiwa amefuatana naye kwenye kura, ilibidi agonge mlango wake amwambie, tanuri liko tayari. Huwezi kuoka kwa joto la mtu halafu ukapita ukimnunia."

Alisimulia pia juu ya mchungaji mmoja aliyechunga ng'ombe wa kijiji kizima. Asubuhi alipiga baragumu na kila nyumba ikafungua zizi, na jioni ng'ombe waliporudi kila mmoja aliingia kwake bila kuonyeshwa. Mchungaji mwenyewe hakuwa na jiko. Alilishwa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, na kwa hiyo aliyepika vibaya alijulikana kila mahali. Mama na Mama Njeri walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilimwuliza kijiji hicho kiko wapi, akainua kidevu upande wa Kilimambogo akasema, "Huko, mbali." Kwa hiyo nikajua kiko nyuma ya mlima. Kwa muda mrefu nilimsihi Njeri twende siku ya Jumapili tukawaone bata, na hatukuenda kwa sababu tu ya ule waya.

Meneja wa shamba, Mwingereza mwembamba aliyependa mambo yaende kimya, alikubali tanuri lijengwe. Moto mmoja ni rahisi kuulinda kuliko mioto mingi, Memsabu alimwambia, na nadhani neno kulinda ndilo lililomwingia. Kazi ya kujenga akapewa Baba. Kwetu Bungoma Baba alikuwa amechoma matofali tangu ujana wake, na alikuwa na mikono iliyojua udongo ukisema "bado" na ukisema "sasa". Jioni baada ya kiwanda alifyatua matofali, watu wakamletea maji kwa debe na nyasi za kuchanganya na udongo, kila laini ikitoa chake. Memsabu alisimama na fimbo akionyesha, hapa mdomo, hapa tumbo, hapa mgongo. Baba akajaza ndani fito na majani ili vishikilie paa la udongo mpaka likauke. Likainuka pale kwenye uwanja kati ya laini zote tatu, kubwa kuliko kibanda chetu cha kuku, na shimo jeusi mbele.

Wiki hiyo hiyo ndipo amri ilipotoka. Kila mwanaume ambaye si Mkikuyu angeshika mkuki na kulinda geti kwa zamu. Baba alikataa. Dhehebu letu la huko magharibi lilifundisha kwamba mfuasi hashiki silaha, na Baba alilishika fundisho hilo kama alivyoshika kila kitu, kwa upole usiosogea. Meneja akamwambia atakuja kumwuliza mara ya mwisho Jumamosi asubuhi. Akikataa tena, tungepakiwa treni turudi Bungoma, na hakuna shamba upande wote wa Thika ambalo lingempokea. Kule nyumbani hatukuwa na shamba. Babu alikuwa amegawa alichokuwa nacho kwa kaka wakubwa wa Baba, na ndiyo sababu tulikuwa hapa tukinuka katani.

"Ushike tu huo mkuki, Baba Nekesa," Mama alimwambia tukiwa tunakula. "Si lazima umchome mtu nao."

"Mama Nekesa, ukishaushika lazima uwe na wa kumwelekezea. Nisimame pale getini nimwelekezee nani? Mama Njeri akienda kuchota maji?"

Mama aliondoa sahani zetu kabla hatujamaliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nikajua tuko taabani.

Sasa niwaeleze akili yangu ilivyofanya kazi, na mnisamehe, nilikuwa mdogo. Kila Jumapili mwalimu wa watoto alikuja kwa baiskeli kutoka Ruiru, akatuketisha kwenye kivuli cha ghala la katani na kutusimulia habari za kale. Alikuwa na kipaji cha kutisha watoto. Jumapili iliyokuwa imepita alikuwa ametueleza juu ya mfalme aliyeamuru kila mtu asujudu, na vijana watatu waliokataa, wakafungwa kamba na kutupwa kwenye tanuri lililochochewa kupita kiasi. Walitoka salama, na hata harufu ya moto haikuwa kwenye nguo zao. Mwalimu alilisema hilo vizuri sana, lakini mimi nilikuwa nimebaki pale walipoingia.

Kwa hiyo nilijumlisha. Palikuwa na bwana mkubwa. Palikuwa na amri. Baba alikuwa amekataa, kwa ajili ya dini, mbele ya watu. Na katikati ya laini palikuwa na tanuri jipya lenye mdomo wa kutosha mtu mzima, na lililonitia uchungu zaidi ni kwamba walikuwa wamemfanya alijenge mwenyewe. Sikumwambia mtu. Mtoto akiwa na hofu kubwa kweli huificha, huona kwamba akiitamka ndipo itatokea. Nilijikaza nikamwuliza Baba swali moja tu, akiwa anapaka udongo.

"Baba, humu kutaingia nani?"

"Wote," akasema, huku ameridhika na kazi yake. "Likikolea vizuri, laini zote zitaingia, zamu kwa zamu."

Wenzangu, sikulala.

Ijumaa baada ya kazi wakapiga kura. Memsabu Hilda alisema kila nyumba ilete alama yake, na kwa kuwa hatukuwa na vipande vya miti vya babu zetu, watu walileta walichopata. Mama alitoa gunzi la muhindi. Mwingine alileta mfupa, mwingine kifuniko cha chupa, na Mama Njeri akaleta kifungo cha koti la mumewe. Vikatiwa kwenye kapu, Njeri akaitwa achomoe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama nimeshika leso yake kwa mikono yote miwili. Njeri akatia mkono, akatoa kifungo.

Mama Njeri akatazama kile kifungo kwenye kiganja cha mwanawe.

"Ngai wakwa, Mungu wangu! Mimi nitatoa wapi kuni ya kupasha hiyo kitu yote? Na nikitoka nyumba kabla jua, si huyo askari atanipiga risasi?"

Watu walitazama miguu yao. Ndipo nikamsikia Baba akikohoa kama anavyokohoa kabla ya kuomba.

"Dada, kaa na amani. Nitaanza mimi. Kesho mimi ndiye wa kwanza, na kuni zangu."

Watu wazima wakashusha pumzi. Mama Njeri akamshika Baba mkono kwa mikono miwili. Memsabu akatikisa kichwa akimtazama Baba kwa muda mrefu. Mimi peke yangu kwenye uwanja ule nilijua kwamba baba yangu amejitolea kutupwa motoni badala ya Mama Njeri, na nilimpenda kwa hilo, na nilimchukia Njeri kwa kile kifungo.

Jumamosi niliamka kukiwa na mwanga wa kijivujivu. Mkeka wa Baba ulikuwa mtupu. Mama alikuwa amesinzia akiwa ameketi, mizigo yetu imefungwa pembeni kwa kanga, kwa maana yeye naye alikuwa na hofu yake. Nilitoka mbio bila kiatu. Ukungu ulikuwa chini kama maziwa yaliyomwagika, na kupitia ukungu huo nikaliona tanuri, na mdomoni mwake nikaona miguu ya baba yangu. Miguu tu. Mwili wote ulikuwa ndani.

Sijui kama nilipiga yowe moja au mengi. Nilimrukia nikakumbatia vile visigino vyenye nyufa na kuvuta kwa nguvu zote. Milango ikafunguka laini zote tatu. Askari wa getini akapuliza filimbi akidhani tumevamiwa, na Meneja, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anawasili na gari lake kuja kumwuliza Baba lile swali la mwisho, akaruka nje ameshika bastola. Mama alifika, Mama Njeri akafika amejifunga blanketi, Memsabu Hilda akaja anachechemea na fimbo, kofia ya kulalia ingali kichwani.

Baba akatoka kinyumenyume. Alikuwa ndani akitoa zile fito na kuziba nyufa kabla ya kuwasha, na alikuwa mweupe kwa vumbi la udongo kutoka nywele mpaka kifuani. Sikumpa nafasi ya kusema. Nilimdaka shingoni nikaanza kumnusa, shingo, masikio, shati, kama mbuzi anavyonusa mtoto wake.

"Hanuki moto!" nikawaambia watu wote. "Hanuki moto!"

"Nini hii?" Meneja akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani. "Nani naua hii mtoto?"

"Hakuna anayemwua," Memsabu Hilda akasema. Akaja akainama mbele yangu, taratibu, kwa sababu magoti yake yalikuwa mabovu. "Mwanangu, hebu tueleze. Kuna nini?"

Na mimi nikaeleza. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda uchovu wa kutolala. Nilisema kwa sauti, nikimwonyesha Meneja kwa kidole ambacho Mama alijaribu kukishusha. "Baba amekataa kushika mkuki kwa sababu ya Mungu, na huyu ndiye mfalme, na mnataka kumtia tanurini kama wale vijana watatu. Mimi sitaki. Mnitie mimi pia."

Hakuna aliyecheka. Watu hunisimulia siku hizi kana kwamba walicheka, lakini hawakucheka mpaka baadaye. Meneja alielewa vizuri kabisa. Yeye pia alikuwa amefundishwa habari hiyo utotoni, huko kwao, na hakutegemea kwamba siku moja ataonyeshwa kwa kidole kuwa yeye ndiye mfalme. Shingo yake iliiva wekundu, ukapanda mpaka masikioni. Akaitazama ile bastola mkononi mwake, akairudisha kiunoni.

Memsabu Hilda hakumwacha apumue. Alimwambia kwa Kiswahili, kusudi sote tusikie, kwamba kule kijijini kwao kulikuwa na nyumba moja mwishoni, watu wa dini isiyoshika silaha. Kijiji hakikuwafukuza. Wazee waliwapa kazi ya kuwasha tanuri kila siku ya kuoka badala ya zamu ya ulinzi, kwa sababu anayewasha huamka kabla ya wote, huona kila anayeingia na anayetoka, na moto wake huonekana kutoka pande zote. "Hesabu hiyo ni ya haki," akasema. "Mlinzi ni yule aliye macho."

Meneja alitazama saa yake. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda na wanaume walipaswa kuwa wameshaenda kiwandani.

"Haya," akasema mwishowe. "Yeye nawasha. Hapana shika mkuki. Lakini mkate ya kwanza naleta kwa nyumba yangu." Akaingia kwenye gari akaondoka.

Mama aliketi chini palepale kwenye umande. Akafunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na Mama Njeri akaketi kando yake akimpigapiga mgongoni akisema, "Basi, basi, imeisha." Ndipo mtu mmoja wa laini ya Wakamba akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na watu wote wakafuata, hata askari, hata Baba, machozi yakimchorea mistari kwenye lile vumbi. Nami nilicheka kwa kuwa wengine walicheka. Sijawahi tena kusikia mwili wangu ukiwa mwepesi vile. Mama alipoinuka alirudi nyumbani akaifungua mizigo, akarudisha kila kitu mahali pake, sufuria kwa sufuria, huku akiimba.

Baba akawasha. Lilichukua kuni zake zote na za Wakamba na mlango mbovu uliotolewa na Memsabu mwenyewe, na moshi ulitoka mpaka nikaogopa upya. Kisha wakakokota makaa, wakapangusa sakafu kwa gunia la katani lililolowa, na ile harufu ikapanda. Mikate ya Memsabu, unga wa ngano kidogo na wa mahindi mwingi, ikaingia kwanza. Baada yake vikaingia viazi vitamu vyetu, na baada ya viazi chungu cha Mama Njeri cha githeri, mahindi na maharagwe, ambacho kililala humo na kutoka Jumapili asubuhi kimelainika hata mzee asiye na meno angekila. Laini yetu ikagonga mlango laini ya geti kusema tanuri liko tayari. Watu wakarudia kusalimiana. Siwezi kusema Emajensi iliisha kwa sababu ya viazi. Waya ulibaki, na mume wa Mama Njeri alirudi baadaye sana, amekonda, akakuta kifungo cha koti lake kinatumika kupigia kura.

Kila siku ya kuoka Baba alirudi nyumbani kunapopambazuka kabla ya kwenda kiwandani, nami nilikuwa nikimngoja mlangoni. "Inama," nilikuwa nikimwambia. Aliinama, nikamnusa shingoni. Wale vijana wa mfalme walijulikana wameokoka kwa sababu hawakunuka moto. Kwangu mimi ilikuwa kinyume. Baba akinuka moto na gunia lililolowa, maana yake bado ana kazi, bado hajashika mkuki, bado hatujapakiwa treni. Niliendelea kumnusa hata nilipokuwa msichana mkubwa wa kuona haya, na yeye hakuwahi kukataa kuinama.

Memsabu Hilda na mumewe waliondoka kabla ya uhuru. Siku ya kuaga alimletea Mama ile kofia waliyokuwa wametumia badala ya kapu la kura tangu mvua ilipoliozesha kapu. Mama, kwa adabu, akamwambia awasalimie wale watu wa nyumba ya mwisho kijijini kwao, wasioshika silaha, maana ndio waliotuokoa.

Memsabu akasema, "Mama Nekesa, hapakuwa na nyumba hiyo. Vita vilipokuja, kwetu walishika silaha wote, hata mwalimu, hata yule mchungaji wa ng'ombe. Ndiyo sababu sina kijiji cha kurudia. Siku ile nilitamani tu tungekuwa nayo, hata moja." Mama alinisimulia haya nikiwa nimeshaolewa, na bado alikuwa akishangaa kwamba sisi tuliokolewa na watu ambao hawakuwahi kuwepo.

Lile shamba sasa ni mananasi na nyumba za watu. Baba alizikwa Bungoma, kwenye kipande cha ardhi alichokinunua kwa jasho la katani, na siku ya mazishi niliinama juu ya jeneza kabla halijafungwa. Alinukia sabuni na mbao mpya. Hicho ndicho kilichoniliza siku ile, ingawa watu walidhani ni kifo chenyewe.

Basi juzi, nilipokwisha kujifuta, nilimwita Nafula. Alikuja mbio akidhani nataka maji. Nywele zake zilikuwa zimejaa majivu, na alikuwa na alama ya masizi shingoni.

"Inama kidogo," nikamwambia.

"Kukhu, niko na jasho. Ninanuka moshi."

"Najua," nikasema. "Inama."

Akainama.